Gari ya Kupelekea Mizigo Ikigoma: Pima Kwanza, Ndiyo Ununue Spea



Leo tuweke pembeni habari za picha za bidhaa na namna ya kumjibu mteja msumbufu. Tuongelee ile Toyota ya zamani uliyoipaki nje ya duka. IST, Probox, Raum, Vitz, Carina, yoyote ile. Kwa sisi tunaouza mtandaoni tukiwa huku Igwachanya, gari ndiyo miguu ya duka. Mteja wa Njombe mjini ameona sketi kwenye status yako, ameshalipia, anaitaka leo. Mteja wa Dar au Songea anasubiri mzigo wake uwahi basi pale Makambako, maana ndipo barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu inayotoka Dar kwenda Mbeya na Tunduma. Basi halimsubiri mtu ambaye stata yake imegoma. Na mteja wa mtandaoni hakujui sura, anachojua ni saa uliyomwambia.

Sasa sikia. Kwenye gari za zamani, pesa nyingi inapotea kwa kubahatisha. Gari haiwaki, mtu anakimbilia kununua betri. Kesho haiwaki tena, ananunua alteneta ya mtumba. Keshokutwa anakuja kijana anakaza nati moja kwenye kichwa cha betri, gari inawaka. Betri na alteneta zimeshalipiwa, na zimelipiwa kwa hela ya kufungia mzigo mpya. Jaribu kurudisha spea ya umeme uliyokwisha kuifunga uone utakavyojibiwa.

Mimi sijasomea ufundi. Nimemaliza form four nikafungua duka, gari nimeijua kwa kufungua boneti na kuuliza maswali mpaka mafundi wakanichoka. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa ni yale ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu na tochi anaweza kuyafanya uani kwake.

Vifaa havitishi. Tafuta mita ya umeme, ile ndogo ya njano inayouzwa maduka ya vifaa vya umeme, bei yake haifiki bei ya lita kumi za petroli. Spana namba 10, 12 na 14 (ya 10 nunua mbili, moja itapotea tu), bisibisi, spana ya plagi, msasa, tochi, na waya nene za kubusti betri. Basi.

ASUBUHI IMEGOMA KUWAKA

Hili ndilo tatizo namba moja huku kwetu, hasa mwezi wa sita na wa saba. Baridi inapunguza nguvu ya betri, na wakati huohuo oili ndani ya injini inakuwa nzito, kwa hiyo stata inahitaji nguvu kubwa kutoka kwenye betri ambayo yenyewe imechoka. Ndiyo maana betri iliyokuwa inajikongoja vizuri tu Februari inakufa ghafla Julai. Haikufa ghafla, ilianza kufa kitambo.

Kabla hujashika spana, sikiliza. Washa taa kubwa, halafu jaribu kuwasha gari huku unaziangalia taa.

Ikilia tik-tik-tik haraka na taa zikafifia, umeme hautoshi. Inaweza kuwa betri, na inaweza kuwa uchafu tu kwenye vichwa vya betri. Fungua boneti uangalie kama kuna ule ungaunga mweupe au wa kijani. Ukiuona, fungua waya hasi kwanza, halafu chanya, mwagia maji ya moto uoshe, piga msasa ndani ya vishikio na kwenye vichwa vyenyewe, kausha, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza mpaka ukitikisa kwa mkono kisicheze. Fuata pia ule waya hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, huko nako kutu hukaa na watu wengi hawafiki. Hiyo ni kazi ya dakika kumi na tano na haina gharama.

Ikilia TAK moja nzito na taa zikabaki zinawaka vizuri, betri yako usiiguse, tatizo liko kwenye stata. Stata za Toyota za zamani zina vipande vya shaba ndani vinavyopitisha umeme, navyo vinalika. Fundi wa umeme anavibadilisha bila kununua stata nzima. Kwa hiyo ukiambiwa "nunua stata", uliza kwanza: shaba zake je?

Ikiwa kimya kabisa na gari ni otomatiki, toa gia kwenye P weka N, kanyaga breki, jaribu tena. Ikiwaka, swichi ya gia ndiyo inasumbua. Unaweza kuendelea na safari zako ukiwashia N huku unatafuta muda wa fundi.

Sasa mita. Iweke kwenye volti za DC, waya nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, gari ikiwa imelala usiku kucha. Ikisoma 12.6, betri imejaa. 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12, imeisha. Halafu mwambie mtu awashe huku unaangalia: wakati stata inazunguka, namba ikishuka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imejaa, betri hiyo imezeeka. Gari ikishawaka soma tena. Inatakiwa iwe kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, hapo ndipo alteneta inaingia kwenye mashitaka. Ikipita 15, alteneta inaikaanga betri.

Namba hizi tatu ziandike kwenye karatasi uibandike ndani ya boneti. Mwaka jana fundi mmoja, simtaji, aliniambia alteneta yangu imekufa, na bahati nzuri rafiki yake anayo moja. Nikatoa mita, gari inaunguruma, 14.1. Nikamwonyesha. Akasema basi labda ni waya. Ilikuwa waya kweli.

Kuna na ile betri nzima inayoisha usiku tu. Hapo kuna kitu kinakunywa umeme gari ikiwa imezimwa: redio ya kichina iliyounganishwa ovyo, chaja ya simu, taa ya buti isiyozima, king'ora cha kufunga milango. Jaribio rahisi: usiku ukipaki, fungua waya hasi wa betri. Asubuhi urudishe. Gari ikiwaka vizuri, betri haina kosa, mtafute mnywaji.

Ukibusti kwa gari ya jirani, mpangilio ni huu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, upande wa pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wa nyeusi ufunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Na sigara zimwa kwanza, hata kama ni ya mwenye gari anayekusaidia.

STATA INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Hapa ama moto haupo, ama mafuta hayafiki. Mwambie mtu apige stata, wewe weka sikio kwenye siti ya nyuma. Usiposikia pampu ya mafuta ikivuma kwa mbali, nenda kwenye boksi la fyuzi, tafuta iliyoandikwa EFI. Ichomoe uiangalie. Kama ni nzima, badilishana rilei yake na rilei nyingine yenye namba ileile, kwa mfano ya honi. Gari ikiwaka na honi ikafa, umeshajua cha kununua, na ni kitu kidogo tu.

Halafu niseme hili la petroli ya kwenye dumu. Tunaijua, vijijini ndiyo iliyopo, na siku nyingine huna namna. Lakini maji na uchafu wa dumu ndiyo yanayoziba filta na kuua pampu. Ukilazimika, mimina kwa kitambaa kisafi na usimalizie tone la chini kabisa, maji hukaa chini.

GARI INAMISI

Ikiwa imesimama inatetemeka, ukipanda kilima inakohoa, mafuta inakunywa. Wengi wanaambiwa "badilisha plagi na koili zote nne". Subiri. IST, Probox na Raum nyingi zina injini ya 1NZ au ndugu yake, na kila silinda ina koili yake juu. Zima gari, chomoa soketi ya koili ya kwanza, washa usikilize. Kama gari imezidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Zima, rudisha, nenda ya pili. Utakayoichomoa na gari isione tofauti, hapo ndipo penye ugonjwa. Usiiache ikiunguruma muda mrefu namna hiyo, petroli isiyoungua inaharibu ekzosi.

Ukiipata, chukua koili yake uhamishie silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nunua koili moja. Ukibaki palepale, chomoa plagi. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni salama. Nyeusi kavu kama masizi, mafuta mengi kuliko hewa, anza na filta ya hewa, maana vumbi la barabara zetu za vijijini wakati wa kiangazi sote tunalijua. Iliyolowa oili, injini inapitisha oili, hiyo ni habari nyingine. Plagi za bei ya kutupa zenye jina lililochapwa vibaya kwenye boksi zikimbie, bandia ni nyingi.

INACHEMSHA, NA KWETU HUKU INA SABABU YAKE

Hapa ndipo gari inapofia kabisa. Betri ikifa unakosa safari moja. Ukiendesha gari inayochemsha kilomita tano tu "ifike nyumbani", unaweza kupinda silinda hedi na kununua injini.

Kuna jambo ambalo mtu wa Dar hana haja ya kulijua lakini sisi tunalo. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100. Injini ya Toyota inafanya kazi kwenye nyuzi 80 mpaka 90 na kitu. Umeona ulivyo mpaka mwembamba? Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko unashikilia presha, na maji yakiwa kwenye presha hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Raba ya mfuniko ikichanika au springi ikilegea, presha inatoka, na maji yanachemka mapema, hasa ukipanda kilima na magunia ya viazi nyuma. Watu wanabadilisha rejeta nzima kwa kosa la mfuniko. Juu yake imeandikwa namba kama 0.9 au 1.1. Nunua yenye namba ya gari yako, usichukue inayoingia tu.

Utaratibu wa kupima: asubuhi, injini ya baridi kabisa. Narudia, ya baridi. Rejeta ya moto ukifungua inakumwagia mvuke usoni, na kuna watu wana makovu. Angalia maji yamefika wapi. Kama yanapungua, washa gari ipate joto, kisha pita na tochi kwenye mipira ya rejeta, viungio na chini ya pampu ya maji ukitafuta unyevu au madoa yaliyokauka. Iache ikiunguruma, subiri feni iwake yenyewe. Isipowaka joto linapopanda, anza na fyuzi na rilei yake. Mpira wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini umebaki wa baridi muda wote, thamostati imekwama. Usiitoe uendeshe bila thamostati. Najua wengi wamefanyiwa hivyo. Kwa baridi ya huku injini haifikii joto lake, inakunywa mafuta na kulika upesi.

Na tumia kulanti, siyo maji ya kisima. Maji matupu yanaleta kutu na ukoko ndani ya rejeta, na kama unapeleka mizigo Makete karibu na Kitulo ambako umande huganda, kulanti inazuia maji yasigande ndani ya injini.

Ukiwa njiani taa nyekundu ya betri ikawaka na joto likaanza kupanda kwa pamoja, simama hapohapo. Kwenye injini ya 1NZ mkanda mmoja unazungusha alteneta na pampu ya maji. Umekatika. Kuendelea ni kuua injini.

MOSHI NA OILI

Moshi mweupe wa asubuhi usikutishe, ni mvuke, ukipata joto unaisha. Mweupe mzito usioisha na maji ya rejeta yanapungua, muone fundi leo. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli nyingi.

Watu wa baridi huwa tunatishwa na jambo moja: unafungua mfuniko wa oili unakuta utando kama krimu ya chai. Kwenye safari fupi fupi za asubuhi unyevu unajikusanya pale, ni kawaida. Angalia dipstiki. Kama oili ya kwenye dipstiki nayo imekuwa rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yameingia, usiwashe. Kama ni safi, nenda safari ndefu kidogo, utando utakwisha. Oili yenyewe ipime kila wiki, gari imesimama sehemu ya tambarare, imezimwa dakika kadhaa. Injini hizi zikizeeka zinakula oili kimyakimya.

BREKI NA MIGUU

Hapa mimi naangalia tu, nafunguliwa na fundi. Angalia kikopo cha mafuta ya breki: yakishuka chini ya mstari wa MIN, ama pedi zimeisha, ama yanavuja, kujazia peke yake hakutibu kitu. Mlio wa chuma ukikanyaga, pedi zimeisha. Chini ya milimita 3, badilisha. Pedali ikienda chini polepole ukiwa umeikanyaga na gari imesimama, usiende popote. Mzigo wa mteja unaweza kusubiri, ule mteremko hausubiri.

Tak-tak-tak ukikata kona kali ni draivu shafti. Kok-kok kwenye mashimo ni bushi, stabilaiza au boljointi, na boljointi ikiachia tairi inalala. Mvumo unaoongezeka na spidi ni beringi. Ukiingia kuangalia, usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka kigogo kinene au stendi, na jiwe kwenye tairi la upande wa pili.

TAA YA INJINI

Taa ya injini ikiwaka, kuna kidude cha kusoma kinachounga na simu kwa bluetooth. Si kila gari ya zamani ya Japani inakubali vile vya bei rahisi, kijaribu kabla ya kulipa. P0301 mpaka P0304 inakutajia silinda inayomisi. P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli, angalia mipira ya hewa iliyopasuka. Kodi inakutajia mtaa tu, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Carina na Corolla za miaka ya 1990 hazihitaji hata hicho. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha, hesabu taa inavyokonyeza. Mbili, kituo, mbili, ni 22, sensa ya joto la maji. Ikikonyeza mfululizo bila vituo, hakuna kosa lililorekodiwa. Angalia herufi vizuri kabla ya kuchomeka, ukikosea tundu unaunguza fyuzi.

KABLA HUJAAGIZA SPEA

Sisi wauzaji wa mtandaoni tunajua mteja anayesema "nataka kiatu" bila kutaja saizi. Usiwe yeye kwa muuza spea wa Kariakoo. Piga picha kibati cha chesisi, na picha ya namba iliyo kwenye kifaa cha zamani, zikae kwenye simu. IST yenye NCP60 ina injini ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5. Probox NCP50 na NCP51 ni hivyohivyo. Mwombe muuzaji akutumie picha ya kifaa chenyewe namba ikionekana, ndipo ufanye muamala. Na kama yako ni ya kuvuta miguu yote minne, kama IST ya NCP65 au Probox ya NCP55, mwambie mapema, maana vitu vya miguu ya nyuma haviingiliani.